Deni la Dawa

Ramadhani, saa nane za mchana,
mtoto wa Bi Shuweikha alichungulia mlangoni petu
kisha akakimbia uchochoro mzima wa Langoni:
Mama Lali anakula! Mama Lali anakula mchana!

Mama hakuwa anakula.
Kinywani hamkuwa na kitu, hata mate hayakutosha.
Taya tu lilisaga, likasaga,
kama la mbuzi anayecheua kivulini,
na ulimi ukachungulia, ukarudi,
ukachungulia tena,
kama mwari dirishani anayeogopa kuonekana.

"Siyala," aliniambia.
"Wallahi siyala. Kanwa lenda lenyewe."

Nilikuwa na miaka sita sindano ya kwanza ilipoingia.
Kabla yake mama alikuwa akigombana na birika.
Usiku alitoka bila buibui, akiwaita watu tusiowaona
kwa majina yao na ya baba zao,
na asubuhi tukamkuta Wiyoni, nyayo zimechanwa na chaza.
Wajomba walileta kombe, zafarani juu ya sahani nyeupe, akanywa.
Walileta mganga kutoka Pate, akala kuku wetu wawili.
Kisha hospitali: sindano kila mwezi,
na vidonge ndani ya bahasha ya karatasi
iliyochorwa jua moja, mwezi mmoja.

Na sauti zikaondoka.
Nalisema hili kwa sababu watu hupenda kusema nusu:
zikaondoka.
Mama alirudi. Alinisuka nywele.
Alinichapa kwa kosa nililolifanya kweli.
Aliketi na kitambaa cheupe mapajani, akitoboa kofia
vitobwe vidogo kama punje za ufuta,
na mume wangu aliivaa moja siku ya nikahi.
Miaka ishirini na mitatu.
Nani angeuliza bei?

Daktari Kazungu alimwambia: Toa ulimi. Ushike hapo hapo.
Ulimi haukushikika.
Alimwambia: Gusa gumba kwa vidole, kimoja kimoja.
Vidole vilitii, lakini miguu ikaanza kucheza chini ya kiti
na mama akaitazama kama miguu ya mgeni.
"Huu si ugonjwa wake," daktari alisema. "Ni dawa.
Wakati mwingine hukaa kimya miaka, ndipo ikadai."
Alifungua faili. Kurasa za mwanzo zimekuwa rangi ya chai.
"Kuna mtu aliwahi kuwaambia?"

Tulitazamana.
Kwenye bahasha lilichorwa jua, ulichorwa mwezi.
Haukuchorwa mdomo.

Tukiipunguza, huenda taya likatulia. Huenda lisitulie.
Tukiipunguza, huenda wale wa usiku wakarudi.
Iko nyingine ya kutuliza taya, si ya hapa, labda Mombasa;
bei yake aliiandika kwenye karatasi
na karatasi akaigeuza kifudifudi.

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa.
Deni la dawa je?
Nani alikopa? Nani alitia kidole?

Siku hizi mama hatoki bila ncha ya mtandio mdomoni.
Harusini huketi nyuma, karibu na viatu.
Sindano ya kushonea humponyoka,
vitobwe vimekuwa vikubwa kama dengu,
na mnunuzi wa Mkomani amezirudisha kofia mbili
bila kusema neno, jambo lililoumiza zaidi.
Moja nimemvisha mwanangu. Inamfika machoni.

Jioni ile, Bi Shuweikha alileta mkate wa sinia,
akauweka, akaangalia sakafu, akaondoka.
Mama alimpeleka mtoto wake kipande.

Adhana ikalia.
Sote tukatia tende kinywani,
na mataya yote chumbani yakaanza kusaga,
la Lali, la mume wangu, langu,
na kwa muda wa tende moja
hakuna ambaye angemjua mgonjwa ni yupi.

Wengine walimeza, wakanyoosha mkono kwenye maji.
Mimi nilitafuna polepole.
Nilitafuna hata kokwa ilipobaki peke yake.